Sura ya Tano: Sarafu Iliyotangulia Mnara

Kipenyo chake ni milimita 38.1 na uzito wake ni gramu 26.73. Katika kila sehemu 10 za uzito huo, 9 ni fedha na 1 ni shaba. Upande wa mbele askari mwenye kofia ya chuma na mzigo mgongoni anapandisha mlima. Chini yake ziko meli za kivita, na juu yake ndege mbili aina ya F-86 Sabre zinakata anga. Upande wa nyuma iko ramani ya rasi ya Korea iliyogawanywa na mstari wa latitudo ya 38, na pembeni kichwa cha tai, ndege wa nembo ya Marekani. Thamani iliyochorwa juu yake ni dola 1.

Sarafu hii ilitoka mwaka 1991 kwa heshima ya mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Korea jijini Washington. Mwaka huo mnara wenyewe haukuwapo. Mahali palipotengwa, karibu na jumba la kumbukumbu la Abraham Lincoln, palikuwa na majani na miti. Msingi ulikuwa haujachimbwa, wasanifu walikuwa wakivutana, na fedha za ujenzi zilikuwa hazijatimia. Sarafu ilitangulizwa mbele kama kadi ya mchango inavyotangulia harusi: inamfikia mtu nyumbani kwake, inamweleza kuna shughuli gani, na inamwomba atoe chochote alicho nacho.

Kisa cha sarafu hiyo kinaeleza jambo ambalo minara mikubwa hulificha. Anayesimama mbele ya jiwe la graniti huona majina na picha. Haoni ni nani aliyelinunua jiwe lile, wala kwa shilingi ngapi kutoka mfuko upi.

Kwa nini 38

Watu huadhimisha miaka 25, 40 au 50. Ni nadra kusikia sherehe ya miaka 38. Lakini kwa askari waliopigana Korea hakuna namba iliyokuwa na uzito kuliko hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti 1945, Japani ikiwa inakaribia kusalimu amri, maofisa wawili vijana wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kazi ya kupendekeza mpaka kati ya eneo litakaloshikwa na majeshi ya Marekani na lile litakaloshikwa na majeshi ya Kisovieti katika Korea. Walipewa muda wa nusu saa hivi. Walikunjua ramani ya jarida la National Geographic, wakatafuta mstari utakaouacha mji wa Seoul upande wa Marekani, wakachagua latitudo ya 38. Mstari huo haukufuata mto wala mlima, na ulipita katikati ya vijiji na mashamba ya watu ambao hawakuulizwa.

Tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya Korea Kaskazini yaliuvuka. Seoul ilianguka katika siku za mwanzo, ikakombolewa, ikaanguka tena, ikakombolewa tena. China iliingia vitani upande wa kaskazini, na nchi nyingi zikaingia upande wa kusini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Julai 1953, mapigano yalisitishwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Panmunjom, na majeshi yakabaki si mbali na pale yalipoanzia. Zaidi ya Wamarekani 36,000 walikuwa wamekufa. Wakorea waliokufa, wa kaskazini na wa kusini, wengi wao raia, wanahesabiwa kwa mamilioni.

Kutoka 1953 hadi 1991 ni miaka 38. Walioiandika sheria ya sarafu waliuona mfungamano huo na wakauweka kwenye jina la sheria yenyewe. Katika maandishi ya sarafu ikachorwa miaka miwili, 1953 na 1991. Kipenyo cha milimita 38 na ushei hakikupangwa, maana ndicho kipimo cha kawaida cha dola ya fedha ya Marekani tangu karne ya 19. Hata hivyo, mkongwe wa Korea aliyeishika mkononi alikuwa ameishika namba yake kwa njia tatu.

Vita iliyokosa mahali

Askari wa Vita Kuu ya Pili walirudi wakapokewa kwa gwaride. Wa Vietnam walirudi wakakuta nchi imegawanyika juu yao. Wa Korea walirudi wakakuta ukimya. Vita yao ilikuwa imeisha bila mshindi, kwa karatasi iliyosema tu kwamba risasi zisimame, na taifa lililochoka na vita likageukia mambo mengine. Ikaitwa Vita Iliyosahaulika, na jina hilo likaganda.

Mwaka 1982 walipata mfano wa kuufuata. Tarehe 13 Novemba, mnara wa askari wa Vietnam ulizinduliwa Washington: ukuta wa graniti nyeusi uliochimbiwa ardhini wenye majina zaidi ya 57,000. Ulibuniwa na Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye michoro yake ilichaguliwa kati ya michoro 1,421 akiwa na umri wa miaka 21. Serikali ilitoa ardhi. Fedha, zaidi ya dola milioni 8, zilitoka kwa watu binafsi, makampuni, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya wakongwe. Jan Scruggs, askari wa zamani aliyeianzisha kampeni hiyo, alikuwa ameanza na fedha kidogo za mfukoni mwake.

Wakongwe wa Korea walipoutembelea ukuta huo walijiuliza swali la wazi. Vita yao ilitangulia ile ya Vietnam, na wafu wao walikuwa wengi. Mbona wao hawana hata jiwe?

Jibu lilikuja kwa sheria ya tarehe 28 Oktoba 1986. Iliruhusu mnara ujengwe kwenye ardhi ya taifa na kuikabidhi kazi hiyo Tume ya Marekani ya Minara ya Vita, chombo kinachotunza pia makaburi ya askari wa Marekani ng'ambo. Serikali ilitoa dola milioni 1. Kilichobaki kingetoka kwa wananchi. Kwa Kiswahili cha kwetu, serikali ilitoa kiwanja na mfuko wa kwanza wa saruji, halafu ikasema harambee.

Hesabu ya dola 7

Wazo la kuchangisha kwa sarafu lilikuwa na mizizi Marekani. Sarafu ya kwanza ya kumbukumbu nchini humo, nusu dola yenye sura ya Christopher Columbus, ilitolewa mwaka 1892 kusaidia maonyesho makubwa ya Chicago. Mwaka 1986 sarafu za Sanamu ya Uhuru zilisaidia kuikarabati sanamu hiyo iliyo bandarini New York. Utaratibu ni mwepesi kuueleza. Bunge linapitisha sheria inayotaja sarafu gani itolewe, ya madini gani, isizidi idadi gani, na juu ya bei yake iongezwe kiasi gani kwa ajili ya shughuli iliyokusudiwa. Kiwanda cha sarafu cha serikali kinaifua na kuiuza. Mwananchi anaagiza, analipa, na ile nyongeza inakwenda kwa wajenzi.

Sheria ya sarafu ya Korea ilitiwa saini tarehe 31 Oktoba 1990. Iliruhusu sarafu zisizozidi 1,000,000, na kila moja iwe na nyongeza ya dola 7.

Inafaa kulipima vizuri fungu hilo la dola 7. Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini yale meupe na kwa pesa ya matumizi, na hapa maana hizo mbili zinaweza kuwekwa kwenye mizani. Ndani ya sarafu mna gramu 24 hivi za fedha halisi. Kwa bei ya soko la dunia mwaka 1991, iliyokuwa karibu dola 4 kwa aunsi, madini hayo yalikuwa na thamani ya dola 3 tu. Nyongeza ya mnara ilikuwa zaidi ya mara mbili ya thamani ya madini. Aliyeinunua kama akiba ya fedha alikuwa amefanya hesabu mbaya. Aliyeinunua kwa sababu kaka yake hakurudi alijua anachokilipia.

Wakanunua. Kiwanda cha Philadelphia kilitoa sarafu 618,488 za daraja la juu zenye kung'aa kama kioo, na cha Denver kikatoa 213,049 za kawaida. Jumla ni 831,537. Zidisha kwa 7 na unapata dola 5,820,759. Gharama za mnara zilifika dola milioni 18 hivi. Karibu theluthi moja ya kazi yote, basi, ilitoka kwenye sarafu, dola 7 kwa dola 7, kutoka katika nyumba ambazo nyingi ziko mbali na Washington na ambazo watu wake pengine hawakuwahi kuukanyaga uwanja ule.

Ndani ya kiwanda

Mchoro wa mbele ulikuwa kazi ya John Mercanti, na wa nyuma kazi ya James Ferrell, wote wachongaji wa kiwanda cha serikali. Wakati huo kazi ya mchongaji wa sarafu ilianza na plasta. Alitengeneza sahani ya plasta yenye upana mara kadhaa kuliko sarafu, akachonga humo kila mkunjo wa nguo na kila ukingo wa buti, akijua kwamba yote yatapungua mpaka yaenee kwenye duara dogo kuliko kifuniko cha gilasi. Kutokana na plasta ilipatikana nakala ngumu, na nakala hiyo ikafungwa kwenye mashine ya Janvier. Mashine hiyo ina ncha mbili zinazokwenda pamoja. Ncha moja inapapasa mchoro mkubwa polepole, ikizunguka kutoka katikati kwenda nje, na ncha ya pili inachonga mwendo uleule, ukiwa umepunguzwa, juu ya chuma. Ilikuwa kazi ya saa nyingi mfululizo.

Chuma hicho ndicho mama. Kutokana nacho hutengenezwa mihuri ambayo hubeba mchoro kinyume: palipoinuka kwenye sarafu, muhuri umezama. Kisahani cheupe cha fedha huwekwa kati ya mihuri miwili na kugandamizwa kwa uzito wa tani nyingi. Fedha baridi husogea kama unga wa chapati chini ya kiganja, ikajaza kila shimo.

Sarafu za daraja la juu zina taratibu zake. Muhuri husuguliwa mpaka uwanda wake uwe kioo, na sehemu za mchoro huachwa na ukungu mweupe, ili askari aonekane kama aliyetoka kwenye theluji na nyuma yake anga jeusi. Kisahani nacho husafishwa na kusuguliwa. Mashine huigonga kila sarafu zaidi ya mara moja. Mfanyakazi mwenye glavu huitoa kwa kushika ukingo, huikagua, na kuifungia ndani ya kibweta cha plastiki kisichopitisha vumbi. Kuanzia hapo ngozi ya mtu haipaswi kuigusa tena, kwa sababu alama ya kidole ikishakauka juu ya fedha haitoki bila kuacha doa.

Kumi na tisa ndani ya mvua

Sarafu zilipokuwa zikisafiri kwa posta, mnara wenyewe ulikuwa katika mvutano. Shindano la usanifu lilishindwa mwaka 1989 na timu kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, iliyopendekeza safu ya askari 38 wakitembea kuelekea kwenye bendera. Walipoitwa wasanifu wengine kuutekeleza mpango huo, kampuni ya Cooper-Lecky ya Washington, mchoro ulibadilishwa mara nyingi hata washindi wakaenda mahakamani. Hawakushinda.

Kilichojengwa ni sanamu 19 za chuma kisichoshika kutu, kila moja ndefu kuliko mtu wa kawaida, zilizochongwa na Frank Gaylord wa Barre, Vermont, aliyekuwa yeye mwenyewe askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili. Wamevaa makoti ya mvua yanayopeperushwa na upepo, na chini ya makoti hayo zinajitokeza bunduki na redio. Wanatembea kwa tahadhari kati ya vichaka na mistari ya graniti inayokumbusha majaruba ya mpunga. Mmoja amegeuka nyuma, mwingine ameinua mkono. Kando yao uko ukuta mweusi wa graniti uliosanifiwa na Louis Nelson, na juu yake kuna sura zaidi ya 2,400 zilizochukuliwa kutoka picha halisi za wakati wa vita: wauguzi, madereva, wapishi, mafundi, makasisi wa jeshi. Ukuta umesuguliwa ukawa kioo. Askari 19 wakitokea humo kama taswira, macho huhesabu 38. Namba iliyokuwa imepunguzwa na wasanifu ilirudi kwa njia ya mwanga.

Upande wa pili wa sanamu, kwenye ukingo wa njia, yamechongwa majina ya nchi 22 zilizochangia jeshi la Umoja wa Mataifa. Msomaji wa Afrika Mashariki atasimama kwenye jina la Ethiopia. Kuanzia mwaka 1951 Mfalme Haile Selassie alipeleka batalioni zilizoitwa Kagnew, moja baada ya nyingine, vijana waliotoka nyanda za juu za Afrika kwenda kupigana kwenye baridi ya milima ya Korea. Zaidi ya 120 kati yao waliuawa. Kumbukumbu yao iko katika neno moja la herufi chache kwenye jiwe la kando ya njia, na fungu la jiwe hilo pia lilitoka kwenye zile dola 7.

Rais Bill Clinton na Rais Kim Young-sam wa Korea Kusini waliuzindua mnara huo tarehe 27 Julai 1995, miaka 42 kamili tangu saini za Panmunjom. Siku hiyo ilikuwa ya jua kali. Walioketi mbele walikuwa wazee wa miaka 60 na zaidi.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu sarafu itoke. Katika kizazi cha umri ule, miaka minne ni mingi. Wapo walioagiza sarafu, wakaipokea, wakaiweka kabatini, wakafa kabla sanamu ya kwanza haijasimamishwa. Kwa hao sarafu ilikuwa ndiyo mnara. Hawakupata mwingine, na ule waliougharimia wengine ndio waliouona.

Mkono juu ya ukuta

Mafanikio ya 1991 yaliwatia moyo wengi. Mwaka 1994 zilitolewa dola tatu za fedha kwa pamoja, kila moja na nyongeza ya dola 10: moja kwa mnara wa Vietnam, moja kwa jumba la makumbusho la mateka wa vita huko Andersonville, Georgia, na moja kwa mnara wa wanawake waliotumikia jeshi. Mnara wa wanawake ulizinduliwa Oktoba 1997 kwenye lango la makaburi ya Arlington, na jumba la mateka likafunguliwa Aprili 1998. Zote mbili, kama ule wa Korea, ni kazi zilizotanguliwa na sarafu zake.

Ile ya Vietnam ilikuwa tofauti, kwa kuwa ukuta wake ulikuwapo tayari. Mercanti, mchongaji yuleyule, alichora mkono mmoja ukigusa majina ukutani, na kwa mbali mnara mrefu wa Washington. Yeyote aliyewahi kufika pale anaujua mkono ule. Watu huja na kipande cha karatasi na penseli, wakaiweka karatasi juu ya jina, wakasugua mpaka herufi zijitokeze, wakaondoka nalo. Wengine hawachukui chochote. Wanalitafuta jina kwa kidole, mstari kwa mstari, wakilipata wanabaki wameligusa.

Mercanti aliichora ishara hiyo juu ya kitu ambacho, katika daraja lake la juu, hakiguswi. Mjane aliyeifungua barua yake mwaka 1994 aliuona mkono ndani ya kibweta cha plastiki, na kidole chake mwenyewe kikaishia juu ya plastiki. Huo ndio mpaka wa sarafu ya kumbukumbu. Inaweza kuufikisha ukuta hadi sebuleni kwake, lakini ubaridi wa jiwe utabaki Washington.

Soko nalo lilionyesha mpaka wake. Sheria iliruhusu sarafu 500,000 za Vietnam, zikauzwa chini ya 300,000. Mwaka huohuo zilitoka sarafu za Kombe la Dunia, za jengo la Bunge na za Thomas Jefferson. Mwaka 1995 na 1996 zikafuata za Olimpiki ya Atlanta, 16 kwa ujumla wake. Wakusanyaji walichoka. Mtu anayeletewa kadi za mchango tano kwa wiki huanza kuzigeuza bila kuzisoma, hata iliyomo ya msiba wa jirani.

Jiwe la Georgia

Marekani ilikuwa imeshapitia hatari kubwa zaidi ya hiyo ya uchovu. Mwaka 1924 Bunge liliruhusu nusu dola za fedha zisizozidi 5,000,000 kusaidia uchongaji wa sanamu kubwa kwenye Stone Mountain, mlima wa graniti ulio Georgia. Sanamu hizo zilikuwa za viongozi wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili kuulinda utumwa. Mlima huohuo ndipo kundi la Ku Klux Klan lilipofufuliwa mwaka 1915. Kwenye sarafu walichorwa majenerali Robert E. Lee na Stonewall Jackson juu ya farasi, na upande wa pili maneno ya kuusifu ushujaa wa askari wa Kusini. Ilitolewa na serikali ya taifa lilelile ambalo majenerali hao walikuwa wamepigana nalo.

Kila nusu dola iliuzwa dola 1. Zilifuliwa zaidi ya 2,300,000, na zipatazo milioni 1 zikarudishwa kiwandani kuyeyushwa. Mchongaji Gutzon Borglum, aliyebuni sarafu na sanamu zote, aligombana na chama kilichomwajiri. Februari 1925 alifukuzwa, akaivunja mifano yake, akakimbia Georgia, na baadaye akaenda kuchonga sura za marais kwenye Mount Rushmore. Fedha ziliisha kazi ikiwa haijafika mbali. Sanamu za Stone Mountain zilimalizika mwaka 1972, kwa mikono na fedha za wengine.

Kisa hicho kinapaswa kukaa kando ya kile cha Korea. Mashine inayogonga sarafu haichagui. Inatoa sura ya muuguzi wa vita na sura ya mtetezi wa utumwa kwa mng'ao uleule, na muhuri wa serikali unazipa zote heshima ileile. Wabunge wanaoipigia kura sheria ya sarafu wanaamua ni kumbukumbu ipi taifa litaitia chapa yake, na jambo hilo linastahili mjadala mrefu kuliko ule linaopewa.

Katika miaka ya 1930 vikundi vidogo viligeuza sarafu za kumbukumbu kuwa biashara, zikatolewa nyingi mno, mpaka serikali ikazichukia. Baada ya 1954 hazikutolewa tena hadi 1982. Fundisho hilo lilikumbukwa mwaka 1996, Bunge lilipoweka masharti mapya. Tangu 1999 mada hazizidi mbili kwa mwaka. Kiwanda hurudishiwa gharama zake kwanza. Na chombo kinachopewa nyongeza sharti kionyeshe kwamba nacho kimechangisha kiasi kinacholingana kutoka kwa watu binafsi. Hilo la mwisho ndilo lenye maana kubwa: sarafu inalipa, mradi wenye shughuli nao wametoka jasho.

Swali la tarishi

Mwaka 1987, katika hafla ya samaki wa kukaanga huko Ohio, mbunge Marcy Kaptur alisimamishwa na mzee mmoja. Roger Durbin alikuwa tarishi wa vijijini aliyepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Alitaka kujua kwa nini Washington haina mnara wa vita yake. Kaptur alidhani upo, akautaja ule wa Iwo Jima. Durbin akamsahihisha: ule ni wa kikosi cha wanamaji peke yake.

Ilichukua miaka sita sheria kupita, mwezi Mei 1993. Mwaka huohuo zilitolewa sarafu za miaka 50 ya vita hiyo, za dhahabu, za fedha na za nusu dola, na sheria ya sarafu hizo ilipanga kwamba dola milioni 3 za kwanza za nyongeza ziende Normandy, Ufaransa, na zinazofuata, hadi milioni 7, ziende kwenye mnara wa Washington. Durbin alifariki mwaka 2000. Mnara ulizinduliwa tarehe 29 Mei 2004, ukiwa na ukuta wa nyota 4,048 za dhahabu, kila nyota ikisimama badala ya Wamarekani 100 waliokufa.

Miaka 20 baada ya uzinduzi huo, mwaka 2024, kiwanda cha serikali kilitoa tena sarafu za mnara uleule, na nyongeza safari hii ilikwenda kwa chama kinachoutunza na kuendesha mafunzo pale. Sarafu za 1993 zilinunuliwa na wengi waliopigana. Za 2024 pengine zimenunuliwa zaidi na wajukuu zao, maana askari mdogo kabisa wa vita ile sasa anakaribia miaka 100.

Mnara wa Korea nao umeongezewa kitu. Tarehe 27 Julai 2022 ulizinduliwa ukuta mpya unaolizunguka bwawa lake, wenye majina ya Wamarekani zaidi ya 36,000 na ya Wakorea zaidi ya 7,000 waliokufa wakitumikia ndani ya vikosi vya Marekani. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Korea Kusini. Miaka 27 sanamu 19 zilitembea bila majina, na sasa ndugu wa waliokufa wana mahali pa kuweka karatasi na kusugua kwa penseli.

Dola ya 1991 bado inauzwa na wafanyabiashara wa sarafu, mara nyingi kwa bei isiyopita sana thamani ya fedha iliyomo. Inaonekana kwenye visanduku vya urithi pamoja na medali, saa iliyosimama na barua zilizofungwa kwa uzi. Anayeigeuza huiona ile ramani. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Kati ya Korea mbili upo ukanda wenye upana wa kilomita 4 uliozungushiwa seng'enge pande zote mbili, na askari wa pande hizo mbili wanaulinda usiku na mchana.